Maiki ya kuvaa shingoni, kwa sisi tusiovaa tai

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka aende dukani: maiki ndogo ya waya, ile ya kubana kwenye nguo, ya Sh 25,000, inafaa na hela yake inarudi, ilimradi usiibane kwenye nguo. Mengine yote hapa chini ni maelezo ya sentensi hiyo.

Niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwenye duka ambalo upande mmoja wanauza kava za simu na upande wa pili kijana anabadilisha vioo. Jina la kampuni silitaji kwa sababu halina maana: boksi hilohilo, picha hiyohiyo, unalikuta duka la tatu lina jina jingine na bei imepanda elfu tano. Ndani kuna maiki yenyewe, kichwa chake hakifiki ukubwa wa ncha ya kidole, waya wa mita sita, kibanio cha chuma, sponji mbili, betri ndogo ya duara aina ya LR44, adapta ya pini nene kwa ajili ya spika kubwa, na kifuko cheusi cha kuhifadhia. Sponji ya pili si zawadi. Ya kwanza itadondoka na hutaiona tena.

Kazi yangu ni kurekodi watu wakizungumza. Nina mashehe wanaotoa darsa, nina mama anayefundisha mapishi, na wateja wangu wakubwa ni familia zenye bibi au babu hapa mjini na wajukuu Muscat, London au Toronto, wanaotaka mzee asimulie ukoo wao kabla hajachoka. Picha wananisamehe. Hata ikiwa na giza kidogo, hata kichwa kikikatwa juu, hakuna atakayepiga simu kulalamika. Sauti ndiyo wanayolipia. Mjukuu akishindwa kusikia bibi amemtaja nani, kazi imeharibika.

Sasa tatizo. Katika hao wote hakuna anayevaa tai. Hakuna mwenye koti la suti lenye kola ya kubania kitu. Kanzu ina shingo ya duara na mpasuo mfupi kifuani. Ukibana maiki pale kwenye ukingo, inalala upande na kuangalia bega, na kanzu iliyopigwa pasi sawasawa inalia kila mwenyewe akivuta pumzi. Dera lina shingo pana na kitambaa chepesi, kwa hiyo kibanio kinalivuta chini, na mama mtu mzima hatakubali shingo ya dera ishuke mbele ya kamera, wala mimi sitamwomba. Mtandio ndio balaa: ukibana chini ya kidevu, kila akitikisa kichwa unasikia mkwaruzo. Na kanga! Bibi anapozungumza kanga haitulii. Anaivuta, anaitengeneza, anajifunika tena, anafuta jicho kwa pindo lake, na maiki inakwenda nayo. Nina rekodi nzuri kabisa ya nusu saa ambayo sauti ya bibi inakuja na kuondoka kwa sababu maiki ilikuwa inasafiri kutoka kifuani hadi begani na kurudi.

Dawa niliipata juu ya boksi. Pameandikwa LAVALIER, kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Muuzaji alilitamka "lavalia" na akaniambia ndiyo kampuni yenyewe.

"Ya Kifaransa hiyo, dada. Orijino."

Kampuni siyo, lakini kuhusu Ufaransa kaka yule alikuwa karibu. Ni jina la mtu. Louise de La Vallière alizaliwa Tours mwaka 1644, akapelekwa akiwa bado msichana kwenye jumba la kifalme kumhudumia mke wa mdogo wake Mfalme Louis wa 14. Haukupita muda, mfalme akamwangukia yeye. Kimada wa mfalme, tuseme ukweli, na alimzalia watoto. Mwaka 1667 akapewa cheo cha kimwinyi na ardhi yake. Halafu mfalme akahamia kwa mwingine, kama wafanyavyo wafalme, na mwaka 1674 Louise akaingia kwenye nyumba ya watawa wa Karmeli mjini Paris. Hakutoka. Alifia humo mwaka 1710.

Jina lake likabaki nje, kwenye mapambo. Wafaransa wanaita lavallière ule utepe mpana na mlaini unaofungwa shingoni kwa fundo kubwa. Waingereza na Wamarekani wakalitumia neno kwa mkufu mwembamba wenye johari moja au kidani kidogo kinachoning'inia katikati ya kifua, na mwanzoni mwa karne ya 20 mikufu hiyo ilikuwa fasheni kweli kweli kwao. Wapo wanaosema sifa ya mkufu ni ya mwanamke mwingine, Ève Lavallière, mwigizaji wa jukwaani Paris, aliyezaliwa mwaka 1866 kwa jina la Eugénie Fenoglio na kujipachika hilo la kifahari. Naye pia mwishoni aliacha jukwaa na umaarufu akageukia ibada hadi alipofariki mwaka 1929. Mkufu huo una mkosi au una baraka, itategemea unamuuliza nani. Wamarekani hawakuogopa: kwenye vyuo vyao, kijana mwanachama wa zile jumuiya za wanafunzi zenye majina ya herufi za Kigiriki humvisha mpenzi wake mkufu wenye herufi za jumuiya yake, na tendo hilo huitwa kwa neno hilohilo.

Maiki iliingiaje humo? Televisheni. Walitaka mtu aongee huku mikono yake iko huru, aonyeshe jiko linavyowaka au afungue mlango wa friji, na maiki za enzi zile zilikuwa nzito, haziwezi kubanwa kwenye shati. Mwaka 1953 kampuni ya Electro-Voice ya Marekani ilitoa ndogo kwa wakati wake, namba 647A, iliyokuja na kamba ya kuvaa shingoni. Inashuka hadi pale pale kinapokaa kidani cha lavaliere. Ukiona picha za watangazaji wa miaka hiyo, wanaume wazima wenye suti, kila mmoja ana mkufu wake mweusi juu ya tai.

Baadaye vitu vikapungua uzito. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West, wakiwa kwenye maabara za utafiti za kampuni ya simu ya Bell, Marekani, walibuni maiki ya elektreti, ambayo ndani ina utando uliobeba umeme wake wa kudumu na hivyo haihitaji sumaku nzito wala mtambo wa kuilisha umeme mwingi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndani ya simu kwa miaka mingi, na ndiyo hii yangu ya elfu ishirini na tano. West ni Mmarekani mweusi wa Virginia, na natamani wanaouza vitu hivi Aggrey wangejua hivyo, maana wangeniuzia kwa maneno mengi zaidi. Mwaka 1969 Sony walileta ECM-50, nyepesi kiasi cha kukaa kwenye tai kwa kibanio kidogo. Kamba ikatupwa. Jina likabaki kwenye boksi.

Hapo nikaelewa kwa nini nilikuwa nahangaika. Kibanio kilibuniwa kwa ajili ya tai. Kamba ilibuniwa kwa ajili ya shingo, na shingo kila mtu anayo.

Kwanza nilijaribu kamba ya kitambulisho, zile wanazogawa kwenye semina, maana nani hana kumi nyumbani? Haifai. Nailoni inakwaruza kitambaa na kile kindoano chake cha chuma kinagonga. Nikaenda kwa fundi cherehani wangu akanipa ugwe mweusi wa pamba, laini, wa kupitisha kiunoni mwa suruali. Kibanio nimekivua kwenye maiki. Shingo ya maiki nimeizungushia plasta ya hospitali mara mbili, ugwe ukapita katikati ya mizunguko hiyo, na ncha zake zote mbili nimezipitisha kwenye ushanga mmoja mkubwa wa mbao unaokaa nyuma ya shingo, ili kila mtu auteleze kurefusha au kufupisha. Waya unateremka kutoka kwenye maiki na kuingia ndani ya nguo, na kiunoni naufanyia kitanzi na kuubana, mtu akijisahau akaukanyaga, mvuto uishie kiunoni usifike kifuani.

Urefu ni shibiri moja chini ya kidevu. Ukipandisha juu zaidi, kidevu kinaziba na sauti inakuwa ya pangoni. Ukishusha hadi tumboni unaanza kurekodi feni.

Faida ambayo hakuna anayeiandika kwenye maelezo ya bidhaa ni hii: mtu anaivaa mwenyewe. Mimi ni mwanamke, na sehemu kubwa ya wanaume ninaowarekodi ni watu wazima wa heshima zao. Zamani palikuwa na dakika ile ya aibu ambapo lazima nimsogelee shehe nimbanie kitu kifuani, au nimwite kijana wa nyumba aje afanye yeye, na kijana anabana vibaya. Sasa naitoa kwenye kifuko nampa mkononi.

Shehe mmoja wa Magomeni aliigeuzageuza kwanza. "Hii naivaa wapi?"

"Shingoni, shehe. Ipitishe kichwani tu."

"Mkufu? Mwanamume havai mkufu, binti yangu."

"Ni kamba tu, shehe. Na wala si ya dhahabu."

Alicheka, akavua kofia, akaipitisha, akavaa kofia yake tena na kuanza na bismillahi. Saa nzima sikusikia kanzu. Kwa kuwa maiki inaning'inia mbele ya kitambaa badala ya kung'ang'ania kitambaa, kanzu inaweza kujisogeza inavyotaka nyuma yake.

Kwa wanawake wenye mtandio naiweka juu ya nguo lakini chini ya mtandio, kwenye ule uwazi unaobaki kifuani, na sponji lazima iwepo. Mtandio wa pamba unapitisha sauti vizuri. Ule wa kung'aa wenye nakshi za mawe, hapana, mawe yanagonga. Mwombe abadilishe kabla hujawasha kamera, na mwombe kupitia binti yake.

Kuna adui mmoja wa maiki hii ambaye nacheka kila nikimkumbuka: mkufu wa kweli. Bibi wa Kikwajuni, Unguja, alijiandaa kwa ajili ya rekodi kama anakwenda arusini. Kanga mpya, hina, na kidani cha dhahabu alichovalishwa siku ya harusi yake, kizito, chenye vipande vinavyocheza. Nimekaa na hedifoni masikioni, bibi anasimulia jinsi baba yake alivyokuwa akipakia karafuu, na kila akiinamia kikombe cha kahawa nasikia kti, kti-kti. Kidani kinaipiga maiki. Ukirekodi bila hedifoni hilo hulijui mpaka ufike nyumbani.

Kumwambia avue? Nani anamwambia bibi avue dhahabu yake mbele ya kamera itakayokwenda kwa wajukuu? Nilimwomba ruhusa, nikaweka kipande kidogo cha plasta nyuma ya kidani kikashika kwenye kitambaa cha gauni, na nikafupisha ugwe ili maiki ikae juu yake kwa vidole viwili. Vikaacha kugombana. Hereni ndefu nazo zina tabia hiyo, lakini hizo zinasikika kwa mbali tu, na mimi huwa naziacha. Sauti ya hereni za bibi ni sehemu ya bibi.

Sasa ubora wa sauti, maana hiyo ndiyo bidhaa. Kwa simu, ukilinganisha na maiki ya simu yenyewe iliyowekwa mita mbili mbele ya mtu, hakuna mashindano. Maneno yanakuja karibu, mwangwi wa chumba cha vigae unapungua sana. Lakini sauti iliyonaswa kifuani ina uzito wa kifua na imepungukiwa na zile herufi kali, s na t na ch, kwa sababu zinatoka mdomoni kwenda mbele na maiki iko chini. Nikihariri napunguza kidogo sauti za katikati, Hz 700 hadi 800 (Hz ni kipimo cha unene au wembamba wa sauti), na kuongeza kidogo zile nyembamba, kuanzia Hz 5,000 kwenda juu. Kidogo tu. Ukizidisha, bibi anaanza kupiga miluzi kwenye kila s.

Inasikia pande zote, na hilo ni jema na baya. Jema ni kwamba ikijizungusha kwenye kamba, au hata ukiivalisha kichwa chini, sauti haibadiliki. Wenzetu wa televisheni wakati mwingine hugeuza kichwa chini makusudi ili pumzi ya puani isiipige. Baya ni kwamba jogoo wa jirani naye yumo. Feni lazima izimwe, na Dar es Salaam ya Februari ukizima feni una dakika kumi kabla mzee hajaanza kutokwa jasho na kuomba maji. Kwa hiyo narekodi vipande vifupi, nazima, nawasha feni, tunakunywa, tunaendelea.

Watu ambao haiwafai ni hawa: wapishi. Mama wa mapishi akiinama kwenye sufuria kamba inaning'inia mbali na kifua na inarudi kwa kishindo. Nilimfungia ugwe wa pili kuzunguka kifua kuizuia, ikawa afadhali, lakini waya wa mita sita jikoni, karibu na moto na mafuta, mimi siutaki. Kwake natumia isiyo na waya. Na anayehubiri huku anatembea, huyo pia mtafutie nyingine.

Kuhusu hizo zisizo na waya, najua mtauliza, kwa sababu kila duka sasa limepanga zile za vipande viwili vyenye sumaku na kipokezi cha kuchomeka kwenye simu. Nilikuwa na seti moja ya bei nafuu kabla ya hii. Shida ya kwanza ilikuwa ile programu yake ya kuondoa kelele: inaondoa kelele, kisha inaondoa na mwisho wa maneno. Mzee anayeongea polepole, anayeshusha sauti mwishoni mwa sentensi, anakatwa kila mara. Ya pili, nyingi kati ya hizo zinatumia mawimbi ya 2.4 GHz, hayohayo ya Wi-Fi na Bluetooth, na ukirekodi katikati ya maduka zinakatikakatika. Na kile kiboksi ni kizito kuliko kichwa cha maiki yangu mara kadhaa, kwa hiyo tumerudi kwenye dera linaloshuka. Zile za bei kubwa sijazinunua, kwa hiyo sizisemi.

Mambo machache ya kuangalia kabla hujalipa. Hesabu mistari myeusi kwenye pini: mitatu ni ya simu, miwili ni ya kamera. Yangu ina mitatu na kiswichi cha kubadilisha, upande wa kamera ndio unaotumia betri, na ukisahau kuzima utaikuta imekufa siku ya kazi. Simu nyingi za sasa hazina tundu la duara, kwa hiyo utahitaji adapta, na si kila adapta inapitisha maiki. Kuna zinazotoa muziki tu na muuzaji hajui tofauti. Usirekodi simu ikiwa kwenye chaji, unaweza kupata mlio wa chini usiotoka hata uufanyeje.

Na jaribu palepale dukani, kwa simu yako mwenyewe. Rekodi sentensi mbili, halafu endelea kurekodi huku unauchezea waya karibu na kichwa cha maiki na karibu na pini, kisha sikiliza. Ukisikia mkatiko, irudishe upewe nyingine. Muuzaji akikukatalia kujaribu, usibishane naye, duka linalofuata wanayo hiyohiyo.